Wang'ang'anizi wa Mume Wangu

9 Januari

Kwako mume wangu uliyenikimbia,

Salamu nyingi, nyingi hata bahasha inagoma kufungwa. Sisi huku wazima. Mama yako mzima, na sauti yake ndiyo nzima zaidi. Tangu afanywe mwalimu mkuu anatuamrisha hata sisi wa nyumbani kama tumechelewa mstarini. Paka amezaa kwenye kabati, juu ya mashuka yangu mazuri, na nimemwachia, maana nani atainama kumtoa?

Na hapo ndipo lilipo neno lenyewe. Kuinama siwezi, kunyooka siwezi. Nyonga ya kushoto imelika. Natembea nimepinda, nasukuma kiti cha plastiki mbele yangu toka chumbani hadi jikoni, na kile kiti kinavyokwaruza sakafu jirani anajua Bibi kaamka. Daktari wa mifupa ameangalia picha akasema nyonga itolewe, iwekwe ya chuma. Nikamwambia, baba, chuma kaweke mlangoni kwako. Mama yako akaninunia mpaka jioni.

Sababu unaijua. Mdogo wangu aliingia hospitali kwa miguu yake kutengenezwa goti, anacheka na kila mtu. Upasuaji ukaenda vizuri. Mshono ndio uliooza. Vidudu vya mle mle wodini vikamwingia, na sisi tukarudi naye amefunikwa. Sasa na mimi niende nikajilaze pale? Thubutu!

Lakini nikuambie la moyoni. Nimechoka kutazama sakafu. Kila ufa wa nyumba hii naujua. Watu wakija kunisalimia nawajua kwa viatu vyao, na mimi nataka kuona nyuso za watu kabla sijafa.

Halafu, kazi yako hasa ni nini? Watu wananiuliza. Mama yako anasema "yuko maabara", mimi nasema "anapima mkojo", basi wanatikisa kichwa kwa huruma. Niandikie, usipige simu. Kwenye simu unanisikia nahema, unaanza kunionea huruma, na mimi huruma yako siitaki.

Mke wako mkubwa,
Bibi


27 Januari

Mke wangu mwenye nyonga moja,

Shikamoo kwanza, mapenzi baadaye. Mimi mzima. Nimehama chumba, kile cha zamani kilikuwa kinavuja juu ya kitanda, hiki kinavuja juu ya meza tu, kwa hiyo ni maendeleo. Napika mwenyewe. Acha kucheka.

Bibi, sipimi mkojo! Mimi ni mchungaji. Nachunga seli. Zinakaa ndani ya tangi la chuma lenye joto la mwili wa mtu. Nazilisha supu yao, nazipulizia hewa, na zikichukia kitu zinakufa zote kwa pamoja bila hata kuaga. Kazi yao ni kutoa kingamwili. Hicho ni kitu kidogo mno ambacho hata mwili wako unakitengeneza ukishaumwa, na kila aina inamjua adui wake mmoja tu. Unakumbuka mgeni akija kwako akasema "ahsante, nimeshiba", unavyomng'ang'ania mpaka akae ale? Basi kingamwili inamng'ang'ania bakteria hivyo hivyo. Inamganda, hafurukuti, mpaka chembe za damu zifike zimmeze. Tunazotengeneza sisi zinamjua yule yule anayependa mishono ya watu waliolazwa.

Sasa nikuambie jambo. Hospitali yako imo kwenye majaribio yetu. Anayekubali anatundikiwa dripu kabla ya kupasuliwa. Nusu ya watu wanapata kingamwili, nusu wanapata maji ya chumvi matupu, na hakuna anayejua nani kapata nini: si daktari, si sista, si mimi. Dawa za kawaida za kuua vidudu wanapewa wote. Sikuambii nenda, wala sikuambii usiende. Mjukuu haruhusiwi kumshawishi bibi yake, nimeuliza. Nimekueleza kazi yangu tu. Si uliuliza?

Mumeo


20 Februari

Mume wangu mchungaji,

Hujambo? Sisi hatujambo. Paka amehamishia wanawe kwenye kapu la nguo chafu, na mama yako amevaa kazini blauzi yenye manyoya. Barua yako nimeisoma, nikamsomea mama yako, kisha nikamsomea jirani kupitia dirishani. Mtaa mzima sasa unajua mjukuu wangu anafuga wang'ang'anizi. Hilo ndilo jina lao kwangu. Hilo lako linanikwama kwenye meno ya bandia.

Nimekwenda. Usirukeruke, soma polepole. Nimekwenda kwa sababu ya sakafu, si kwa sababu yako, usije ukajivuna bure. Sista wa majaribio ni binti mwembamba, macho kama ya mwalimu wa hesabu, na alinieleza yote bila kuruka. Tulipofika kwenye maji ya chumvi nikamwambia, hapo simama. Yaani mnacheza karata na mishipa yangu? Mjukuu apike, bibi apewe maji?

Akaniambia, "Bibi, tukimpa kila mtu, wakapona, tutajuaje kama ni dawa au ni bahati?"

Swali ni zuri, na mimi sipendi kushindwa na watoto. Nikamtupia langu: "Na ukijua mpishi ni mjukuu wangu, hunipi zile zenyewe?" Akasema hata akitaka hawezi, chupa zote zinafanana. Basi nikatia sahihi. Lakini siri yangu nakupa wewe: mimi nitapata zile zenyewe. Damu inaijua damu.

Bibi, mgonjwa mtarajiwa


6 Machi

Mke wangu shujaa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea mlangoni mwa maabara, nikapiga ukelele, mwenzangu akadhani tangi limepasuka. Mimi sijambo, meza yangu ndiyo inaoza kwa mvua.

Nimemweleza mkuu wa maabara kwamba bibi yangu yumo. Ni mama mkali, hacheki hata akitekenywa. Akaniambia kuanzia leo nisiguse jalada lolote la hospitali yako, wala nisizungumze na sista wa majaribio. Nichunge seli zangu, basi. Kisha akauliza, "Na huyo bibi mwenyewe ana nguvu?" Nikamjibu, "Ana mdomo." Akacheka! Maabara nzima tuliacha kazi tukamtazama.

Basi nenda salama, mke wangu. Wote hapa sasa wanakuulizia. Ukitoka na mshono msafi mimi nitatembea kifua mbele mwaka mzima. Usiniaibishe!

Mumeo mwenye presha


29 Machi

Mume wangu,

Nina chuma! Mpita njia asinisukume, ataumia yeye.

Mama yako alilia kwenye korido kuliko mimi niliyepasuliwa, ikabidi wamletee kiti. Sisi wengine wazima. Dripu nilitundikiwa asubuhi, na nakuapia, niliwahisi. Joto lilipanda toka mkononi mpaka begani, wakaingia mmoja mmoja, wananisalimia. Nikawaambia karibuni wanangu, jisikieni nyumbani.

Kwenye kitanda cha jirani kuna mwanamke nimempa jina Mama Redio, maana anawaka kabla ya jua na hana pa kumzimia. Naye kawekewa nyonga, naye yumo kwenye majaribio. Nilimweleza kwamba waliomo mwilini mwangu wamelelewa kwa mkono na mjukuu wangu mwenyewe. Unajua alinijibu nini? "Si ajabu wewe una maji ya chumvi." Mimi! Nikamwambia wewe ndiye maji ya chumvi, tena ya bomba. Tumeshindana tangu hapo, mpaka sista ametutishia kututenganisha, na sote tukamwomba asifanye hivyo.

Jana nimesimama. Kwa fremu ya kutembelea, na sista huku na huku, lakini nimesimama. Nikaona dirisha lote, toka chini mpaka juu, na mtu anapita nje, nikaona ana ndevu.

Mke wako wa chuma


10 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu. Mimi mzima. Mshono msafi. Chakula cha hapa kizuri. Mwambie mkuu wako kila kitu kinakwenda kama mlivyopanga. Fanya kazi kwa bidii.

Bibi yako


18 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nimepata karatasi yako. Barua siwezi kuiita. Hujaniita mume wako. Hujanitukana hata mara moja. Paka hayumo, Mama Redio hayumo, na chakula cha hospitali umekisifia! Una nini?

Nimepiga simu wodini, kama mjukuu yeyote. Sista wa zamu akasema, "Bibi amesema niseme amelala." Saa nne asubuhi! Mama naye anasema uko sawa, ila muda wa kutembelea wagonjwa unajifunika blanketi mpaka kidevuni kwa sababu ya baridi. Baridi gani, Bibi? Mama anasema yeye anajipepea.

Naogopa. Mimi usiniambie ukitaka, lakini mwambie sista. Nimeomba ruhusa. Nikipewa, nakuja.

Mimi


12 Mei

Mume wangu,

Kaa chini, na usipige kelele. Najua mama yako ameshakupigia simu, najua begi ulikuwa umelifunga, na ukalifungua kwa amri yangu. Niko nyumbani. Paka wote wananisalimia. Sasa sikiliza kutoka kwa mwenye mali.

Siku chache baada ya ile barua yangu ya chuma, mshono ulianza kuvuja. Kidogo kwanza, kisha bandeji ikalowa. Na mimi nikakumbuka neno lako: usiniaibishe. Nikajisemea, mtoto huyu amenilelea wang'ang'anizi kwa mkono, maabara nzima inaniulizia, halafu mimi ndiye nioze? Hata! Sista akauliza bandeji imelowa nini, nikamwambia nimemwagikiwa na chai. Kesho yake akauliza tena, nikasema chai tena. Homa ilikuwa imeshaanza, natetemeka huku natabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Niliogopa, mume wangu. Nikifumba macho namwona mdogo wangu. Lakini kukuharibia kazi yako niliogopa zaidi.

Aliyeniokoa ni Mama Redio. Sista aliponiuliza mara ya tatu, nikafungua mdomo niseme chai, yule mwanamke akainuka kitandani na sauti ya kuita watu kwenye moto: "Chai gani hiyo! Huyu hanywi chai, anasema inamfunga tumbo! Anaungua homa, na usiku anamwita mdogo wake!" Wodi nzima ikageuka. Nilitaka kumrushia kikombe, sema sikuwa nacho.

Akaja yule binti wa macho ya hesabu. Akagusa mshono na kijiti chenye pamba, akakichovya kwenye maji yake, akadondosha tone kwenye kikaratasi. Akanieleza: mstari mmoja, bakteria hajaonekana, mistari miwili, yupo. Tukakodoa macho, mimi, yeye, daktari, na Mama Redio aliyejikokota na fremu yake bila ruhusa ya mtu. Ukatoka wa kwanza. Tukangoja. Ukatoka wa pili.

Mama Redio akapiga vigelegele: "Hongera, mwenzangu, una mimba!"

Wodi ilivunjika mbavu. Daktari aligeukia ukutani, mabega yanacheza. Mimi mwenyewe nilicheka na homa yangu mpaka machozi, na sijui kama yalikuwa ya kicheko tu.

Basi hakuna aliyechelewa. Usaha kidogo ulipelekwa maabara kuoteshwa vidudu vyake kama kawaida, lakini majibu ya huko huchukua siku, na daktari hakuyangoja. Jioni ile ile wakanirudisha chumba cha upasuaji, wakaosha mshono mpaka ndani, wakabadilisha dawa. Majibu yalipokuja yakasema neno lile lile la kikaratasi. Daktari anasema mdudu alikuwa bado mlangoni, hajagusa chuma. Angegusa, chuma kingetolewa, na pengine na mimi ningetolewa nacho.

Kwa hiyo nisamehe. Wang'ang'anizi wako walishindwa ndani yangu. Usiwagombeze, naamini walijitahidi.

Bibi, aliyekuaibisha


29 Mei

Mke wangu mwongo,

Shikamoo. Hapa wazima, na meza imekufa, sasa naandikia magotini.

Chai! Bibi, chai! Nimecheka, nimelia, nimecheka tena, mwenzangu ameniuliza kama nina akili. Nilipokuwa nafunga begi nilitia viatu vya mguu mmoja tu, vyote vya kushoto.

Kosa ni langu. Niliandika utani bila kuufikiria, na wewe ukaubeba kama amri. Basi futa. Niaibishe, Bibi! Niaibishe kila siku, uwe hai. Dawa yangu ikiwa mbovu nataka nijue, maana ikisifiwa bure itakwenda kumuua bibi wa mtu mwingine. Na wewe ukinifia na jina zuri, nitalifanyia nini hilo jina?

Nilimsimulia mkuu wa maabara habari ya mimba. Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango, tukamsikia anacheka peke yake.

Halafu kuna jambo hukuuliza wala hukuambiwa. Kile kikaratasi unajua kina nini? Wang'ang'anizi! Wametoka kwenye tangi langu lile lile, supu ile ile, ila hawa wamegandishwa kwenye karatasi. Bakteria wao akipita wanamshika hapo hapo, na wakishashika wengi ndipo mstari unaonekana. Kwa hiyo hata kama wa kwenye damu walishindwa, wa kwenye karatasi walimkamata. Mshukuru Mama Redio, halafu nishukuru mimi.

Mumeo aliyepona presha


14 Septemba

Mke wangu,

Shikamoo, na ukalie kiti imara. Mimi mzima kuliko siku zote.

Majaribio yamekwisha na siri ya nani kapata nini imefunguliwa. Kati ya waliopata kingamwili, walioozewa mshono ni wachache kuliko kwa waliopata maji. Si kwamba wote walikingwa, hapana, lakini tofauti ipo, imehesabiwa na watu wasiotupenda, na bado ipo. Tumerukaruka humu ndani mpaka mkuu akatufukuza turudi kazini, kisha tukamwona dirishani naye anaruka.

Kila mgonjwa anaambiwa alichopata. Sista anasema wewe umetaka usikie kutoka kwangu, na nimeruhusiwa. Bibi, ulipata maji ya chumvi.

Ndiyo. Wale waliopanda toka mkononi mpaka begani, wakiingia mmoja mmoja na kukusalimia, ilikuwa chumvi.

Nina likizo. Nafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kwa treni ya asubuhi.

Mumeo, anayejificha nyuma ya mlango


23 Septemba

Mume wangu,

Maji ya chumvi!

Nilipiga yowe mama yako akaja mbio na mwiko mkononi. Nikampa barua asome, akakaa chini, akacheka mpaka akashindwa kuniamrisha kitu. Wazima wote, kwa hiyo, ila mbavu.

Na si hilo tu. Kabla sijamaliza kufuta machozi, simu ikalia. Mama Redio. Naye ameambiwa lake. Yeye ndiye aliyepata zile zenyewe! Miezi yote mimi najigamba, kumbe watoto wako wamelala kitanda cha jirani, na ndiyo maana yeye alitoka na mshono kama wa fundi cherehani. Sasa anasema kwa kuwa kazi ya mikono yako imo damuni mwake, yeye ndiye mke mkubwa, na mimi nihamie chumba cha nje. Nimemwambia aje aseme hayo mbele yangu. Anakuja Jumapili, na anataka akuone.

Lakini baada ya kucheka nilikaa nikafikiri. Mimi nilificha usaha ili dawa yako isitiwe aibu. Kumbe nilikuwa upande wa maji! Wale wa majaribio walikuwa wananitazama mimi ili waone mtu asiye na dawa anapatwa na nini. Kama ningeshikilia chai yangu mpaka mwisho, mngeandika: huyu alipewa maji na hakuoza. Watu wawili watatu wenye mapenzi kama yangu, na wang'ang'anizi wako wangeonekana hawana kazi. Kwa mapenzi yangu ningewazika kwa mkono wangu. Nimemweleza mama yako, akasema niende shuleni kwake nikawaambie watoto. Nitakwenda, na sehemu ya mimba sitairuka.

Kwa hiyo sitaki pole yako ya maji ya chumvi. Bila sisi wa chumvi mngejuaje kama ni dawa au ni bahati? Mwambie mama mkali, Bibi naye alifanya kazi kwenye maabara yake, tena bila mshahara.

Jumamosi nakuja kituoni. Mama yako anataka nibaki nikungojee barazani, nikamwambia barazani akae yeye. Fremu nimeirudisha hospitali. Ukishuka usinitafute chini, mume wangu, uliniacha nimeinama. Tazama nyuso za watu. Mimi nimo.

Bibi